Walimwambia baba yangu hajazoea nyama

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndiyo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo naandika hivyohivyo.

Ni ule mgahawa wa steki nje kidogo ya Arusha, wa mbao na mawe, wenye magurudumu ya mkokoteni ukutani, ngozi za ng'ombe sakafuni na moto wa kuni unaowaka katikati ya ukumbi. Jina silitaji. Tulikwenda kipindi kile cha baridi, watu saba: mimi na mke wangu, watoto watatu, dada yangu, na baba. Shughuli ilikuwa ya baba. Ametimiza miaka 74, na nikasema safari hii simchinjii mbuzi nyumbani, nampeleka mahali pa maana akae ahudumiwe.

Nianze na salamu, maana mambo yalianza kuharibika hapo. Mhudumu, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaja na menyu zake za ubao, akatusalimu wote kwa mpigo, kwa Kiingereza. Hakuna shikamoo. Mzee mwenye mvi kichwa kizima amekaa pale mbele yake, hata macho hakumtupia. Mke wangu akanibana mguu chini ya meza, nikanyamaza.

Baba aliagiza sarara. Akasema taratibu kabisa, "Naomba iive, isiwe na wekundu ndani." Kijana hakuandika. Akasema mpishi wao haivishi sarara namna hiyo, inaharibika, kwa hiyo atamletea ya wastani. Baba akarudia maneno yaleyale. Kijana akatabasamu, akakusanya menyu, akaondoka.

Vya wengine vilikuja vizuri. Mbavu za dada zilikuwa safi, chipsi za watoto safi, kachumbari kiduchu. Sikukaa kuandika kwa ajili ya kachumbari.

Sahani ya baba ikafika. Akaikata nyama katikati mara moja tu. Ndani nyekundu kama tikiti. Akaitazama, akaigusa kwa ncha ya kisu, kisha akalaza kisu na uma pembeni ya sahani, akaanza kunywa maji. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyemwita yule kijana. Akaja, akaangalia, akasema hivi, na nayaandika kama yalivyotoka: "Mzee, hiyo siyo damu, ni maji ya nyama. Labda hujazoea nyama ya namna hii. Hapa siyo kama kwenye baa za nyama choma."

Mbele ya wajukuu wake.

Sasa niwaambie aliyeambiwa hajazoea nyama ni nani. Baba yangu ni bwana mifugo mstaafu. Alisomea chuo cha mifugo Tengeru, akakagua nyama machinjioni zaidi ya miaka thelathini: Kondoa, Babati, Monduli. Nikiwa shule ya msingi alikuwa ananichukua siku za likizo, alfajiri, giza bado halijaondoka. Nilimwona akipasua misuli ya taya za ng'ombe, vipande vyembamba kama kurasa za daftari, halafu moyo, halafu anaupapasa ulimi, na kila anapopasua anasogeza taa. Anatafuta tegu, mnyoo anayempata mtu akila nyama isiyoiva. Vifuko vya mnyoo huyo ni vyeupe, vidogo kama punje za mchele, asiyejua atadhani ni mafuta. Akivikuta vimejaa, mzoga mzima unatupwa na mwenye ng'ombe anashika kichwa. Vikiwa vichache, nyama inazuiwa, inagandishwa siku nyingi kwenye baridi kali ndipo iruhusiwe. Akiridhika, anagonga muhuri wa wino wa zambarau. Shati lake la kazi lilikuwa na doa la wino ule kwenye mkono wa kulia, mama alijaribu kila sabuni, halikutoka.

Kwamba yale maji siyo damu, baba alitufundisha tungali wadogo. Mnyama akishachinjwa, damu inayobaki kwenye msuli ni kidogo sana. Wekundu ule ni rangi ya msuli wenyewe, ndiyo maana ukipata moto wa kutosha unageuka kahawia. Na anajua kwa nini sarara yao inakatika kirahisi: imetundikwa kwenye baridi wiki mbili tatu, ikajilainisha yenyewe. Ya bucha la mtaani kwetu imechinjwa alfajiri, saa nne asubuhi iko sufuriani, tena ni ya ng'ombe wa nundu aliyetembea kutwa kutafuta maji. Tofauti hiyo baba anaijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa ukumbini usiku ule. Asichokubali ni kula nyama yenye wekundu bila kujua nani aliyepasua zile taya. Akauliza hivyohivyo, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ng'ombe huyu kachinjwa wapi? Nani kamkagua?"

Kijana akacheka. Akasema nyama yao ni ya kisasa.

Nikasimama. Naona aibu kidogo kwa maneno niliyoyatoa, lakini siyafuti. Meneja akaja mbio. Akamruka baba, akaja kuzungumza na mimi, kwa Kiingereza, kwa sauti ya kubembeleza, kwamba watoto watapewa aiskrimu bure. Watoto! Nikamwambia mwenye sahani ni yule pale, nenda ukaongee naye. Baba akanishika mkono wa shati. "Kaa, baba. Tule tuondoke."

Ningeishia hapo, hii ingekuwa nyota moja na tusi juu yake. Lakini sitamdhulumu mtu.

Jiko lao la mkaa liko wazi, upande wa pili wa ukumbi, na aliyekuwa anachoma bila shaka alisikia. Akaja mwenyewe, aproni imeungua pindoni, jasho linamtoka. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu." Akachuchumaa kando ya kiti cha baba ili wazungumze uso kwa uso. "Nikuchomee vipi?" Baba akamwelekeza: kipande kipasuliwe katikati kiwe viwili vyembamba, kikae pembeni ya mkaa, siyo juu ya moto, kigeuzwegeuzwe, halafu chumvi na ndimu mwishoni. Kijana akaitikia kila neno. Akaomba dakika ishirini.

Ilikuja kwenye ubao, imekatwakatwa, ndimu imepasuliwa pembeni. Nilichukua kipande nikakitazama kwenye mwanga wa taa. Kahawia mpaka kiini, hakuna wekundu, na bado ukikibonyeza kinatoa maji. Laini! Ile nyama iliyosemwa ikiiva inaharibika. Baba alimaliza yote, akafuta ubao kwa kipande cha mwisho, akasema sentensi moja, "Huyu anajua moto." Kwa baba hiyo ni tuzo. Wali wa mama ameula miaka arobaini na nane na sijawahi kumsikia akisema zaidi ya hapo.

Kwa hiyo nikawa nimeshalainika. Nikasema moyoni, nyota nne, nitaandika kwamba mhudumu mmoja asiye na adabu asiwafanye watu wakose nyama ile.

Halafu ikaja bili. Sarara mbili. Shilingi 58,000 mara mbili, na asilimia 10 ya huduma juu ya yote. Huduma! Nikauliza ya kwanza inalipiwaje wakati hakuna aliyeila. Meneja akanionyesha kwa kidole: ilishakatwa kwa kisu. Baba alikuwa ananitazama, na ilikuwa siku yake, nikalipa. Nilipotoka nikapita jikoni nikampa yule kijana noti yake mkononi, maana sikuamini kama ile asilimia 10 ingemfikia.

Ukiniuliza leo, nyama yao ni nzuri kuliko zote nilizokula Arusha. Ukiniuliza kama uende, nitakuuliza kwanza unakwenda na nani. Ukiwa na mzee wako, sikushauri. Au nenda, ila mkae karibu na jiko, na agizo mpe mchomaji mwenyewe.

Naandika nyota mbili, na zote mbili ni za mchomaji.

Shida ni kwamba baba ameanza kuulizia tutarudi lini. Juzi nikapiga simu kuuliza yule kijana wa jikoni anaingia zamu siku gani. Aliyepokea akaniambia nichague siku yoyote tu, nyama ni ileile. Nikakata simu.