Dewey toleo la 23: nyota tatu, na kazi ya ziada ni yako

Kwa maktaba ndogo, Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, bado haina mpinzani. Mkutubi mpya huishika upesi, na rekodi nyingi unazonakili kutoka maktaba nyingine huja na namba tayari. Majuzuu manne ya toleo la 23 yalitoka 2011. Mabadiliko ya baadaye huingia WebDewey, Dewey ya mtandaoni, ambayo hulipiwa.

Kasoro iko kwenye mgao wa namba. Fungua 200, dini. Biblia ina 220 yake, Ukristo umetandazwa kutoka 230 hadi 280, dini zilizobaki zote zimebanwa ndani ya 290: Uyahudi 296, Uislamu 297, dini za jadi za Afrika 299.6. Hapa kuna adha ya kila siku, mbali na suala la heshima. Mada ndogo ya Kiislamu hupata mkia mrefu baada ya nukta, lebo haienei mgongoni mwa kitabu chembamba, na anayerudisha vitabu rafuni anakosea. Lugha nazo hivyo hivyo: Kiingereza 420, Kiswahili 496.392.

Dorothy Porter, mkutubi wa Howard University tangu 1930, alikuta maktaba za Marekani zikisukumia vitabu vya Weusi, hata mashairi, kwenye 325 (ukoloni) au 326 (utumwa). Alivipanga upya kwa fani na mwandishi.

Kujirekebishia inaruhusiwa. Lugha unayoipa kipaumbele yaweza kupewa herufi: Kiswahili 4S0, fasihi yake 8S0. Kanuni inataka 4S0 itangulie 420, lakini programu nyingi hupanga herufi baada ya tarakimu, hivyo orodha ya kompyuta itaipeleka nyuma ya 499. Jaribu kwa vitabu vitano kwanza. Ikigoma, fuata kompyuta na uandike hivyo kwenye mwongozo wa rafu.

Usiguse uga wa 082, unaobeba namba ya Dewey, kwenye rekodi ya MARC (muundo wa rekodi za vitabu kwenye kompyuta). Namba yako ya ndani iweke kwenye taarifa za nakala (kwa Koha, programu ya maktaba, ni 952$o), la sivyo rekodi ikiingizwa upya itafuta kazi yako. Lebo na rekodi zibadilishwe siku moja, rafu kwa rafu. Kitabu chenye lebo ya zamani na rekodi mpya ni sawa na kilichopotea.