Tahadhari: Schick "iliyokarabatiwa" yenye picha ya kitambaa cha bluu

Ndugu zangu mnaotaka kuanza kunyolea mashine za zamani za injekta, yaani zile ambazo wembe husukumwa ndani ya kichwa kutoka kwenye kisanduku kidogo chenye ufunguo, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji mtandaoni anayeweka picha za mashine za chapa ya Schick zinazong'aa, zimelazwa juu ya kitambaa cha bluu, na chini yake maneno yaleyale: "imekarabatiwa, toleo la kwanza la 1926, inakuja na nyembe mpya." Mimi ameshanila. Juu ya hasara hiyo, nilikaa na plasta kidevuni siku nne.

Nianze na huo uongo wa 1926, maana ningekuwa najua ungenishtua mapema. Jacob Schick alikuwa afisa wa jeshi la Marekani, na wazo lake alilichota kwenye bunduki inayobeba risasi zake ndani. Mashine yake ya kwanza, hiyo ya 1926, ilibeba nyembe ndani ya mpini, hukuziingiza kwa kisanduku cha pembeni. Niliyouziwa mimi ina mpini wa plastiki rangi ya maziwa na tundu la kuingizia ufunguo wa kisanduku ubavuni mwa kichwa. Wakusanyaji huiita aina ya G, nayo ni ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Ni mashine nzuri sana, na mtu anayeanza ningemshauri aitafute hiyohiyo. Ila zipo nyingi, na bei ya "toleo la kwanza" haistahili kabisa.

Hilo la umri ningelisamehe. Lililonitia uchungu ni kichwa.

Wembe wa injekta una makali upande mmoja tu, na unene wake ni kama milimita 0.25, wakati wembe wa kawaida wa pande mbili una kama 0.1. Ndiyo raha yake: haupepei usoni, unakaa imara. Ndani ya kichwa, springi inaubana kwa juu, na mbele makali yanaegemea vizuizi viwili vidogo, kimoja kila pembe. Ni vidogo mno, unaweza kutumia mashine mwaka mzima usivione. Lakini hivyo ndivyo vinavyoamua makali yatokeze kiasi gani.

Huyu bwana alikuwa amesugua kichwa kwa msasa wa mashine ili kiwe laini, akasaga vizuizi pamoja na kutu. Cha kulia kimebaki nusu, cha kushoto kimebaki alama tu. Kisha akapaka rangi ya dhahabu juu. Nilipokuja kukitazama kwa kioo cha kukuzia niliona mistari ya msasa chini ya hiyo dhahabu, yote imeelekea upande mmoja. Wembe ukiingia unakaa mshazari, kushoto umejitokeza. Ukiinua mashine kwenye mwanga unauona kwa macho matupu. Mimi sikuinua. Niliujulia kidevuni.

Na hizo "nyembe mpya"? Kisanduku cha chuma kilichokaa miongo, nyembe za ndani zina madoa ya kahawia kwenye makali. Nyembe za zamani za chuma cha kaboni hushika kutu hata kama hazijatumika. Ufunguo wa kisanduku nao ulikuwa umepinda, hauwezi kuinua springi, kwa hiyo unasukuma wembe kwa nguvu huku vidole viko jirani na makali. Msifanye hivyo jamani. Wembe ukigoma, acha.

Nilipolalamika alinyamaza, halafu akaunti ikafutwa. Kosa langu ni kwamba alinishawishi nilipe nje ya mtandao ule wa mauzo, eti anipunguzie. Pesa ikishatoka kwa njia hiyo hakuna wa kukurudishia.

Sasa, mkiuziwa mashine ya aina hii, ombeni picha ya kichwa kwa mbele, wembe ukiwa ndani, pembe zote mbili zionekane, na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo pembeni. Mstari wa makali uwe sambamba na ukingo wa kichwa. Ombeni na video fupi ya kubadilisha wembe: mpya unaingia upande huu, wa zamani unatokea upande ule. Mwenye mali safi hiyo ni kazi ya dakika mbili. Huyu wangu nilimwomba picha moja tu ya karibu, akaniambia kamera yake mbovu, nami nikakubali.

Nyembe nunueni mpya, mbali na mashine. Za injekta bado zinatengenezwa. Angalieni tu mtu asiwauzie za GEM au za Artist Club, ambazo ni aina nyingine za nyembe, akidai zinafaa kwa sababu zote zina makali upande mmoja. Za GEM ni pana na zina uti mgongoni, za Artist Club ni ndefu zaidi. Haziingii.

Juzi nimeiona tena picha ileile, akaunti nyingine, jina jingine. Kitambaa cha bluu kina alama ya kuungua kwenye kona ya chini kulia, kama ya pasi. Mkiiona alama hiyo, msimtumie kitu, na muiripoti akaunti hapohapo.