Sosi bila soya: ya supu ya mifupa au ya ukwaju?
Mwanangu wa pili akila soya midomo inamvimba, kwa hiyo ile sosi nyeusi ya chupa haiingii kwetu. Hapa Dodoma nimebaki na mbili za kupika mwenyewe.

Ya supu ndiyo inayoikaribia ya dukani. Chukua vikombe 2 vya supu ya mifupa ya ng'ombe, vijiko vikubwa 2 vya siki, kimoja cha sukari guru, na tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa. Chemsha bila mfuniko hadi ibaki kama nusu kikombe, ndipo utie chumvi. Ukiitia mwanzoni, supu inapungua lakini chumvi inabaki palepale. Nilishamwaga sufuria nzima kwa kosa hilo. Inakolea kahawia, na ukikaangia wali inashika kila punje. Ubaya wake ni kula mkaa, karibu saa nzima. Na vidonge vya supu usivitumie kabla hujasoma pakiti, maana vingine vina soya.

Ya ukwaju ni ya chapuchapu. Nanunua soko la Majengo, naloweka kwenye maji ya moto, nakamua, nachuja, kisha nachemsha dakika 10 na sukari guru, chumvi na pilipili. Haifanani na soya hata kidogo, ila kwa kuku wa kuchoma siibadilishi na kitu. Kwenye wali, hapana: unachachuka na kushikana.

Zote ziweke kwenye friji. Ya supu imalize ndani ya siku 3.