Fundi wa mtambo wa majitaka anayepima kwanza, nampa nyota nne

Wenye maghorofa yenye mtambo wa majitaka wa blowa, ile mashine ya kupuliza hewa kwenye tenki, naombeni mpite hapa, najua wengi mnaliwa hela. Jengo letu liko Mikocheni, mtambo ukaanza kutapika tope, yani kwenye tenki la mwisho pale maji yanapotakiwa kutulia yatoke safi, mabonge ya tope yanaibuka juu na vipovu halafu yanatoka na maji, harufu mpaka vibarazani. Kampuni ya kwanza ikaangalia kwa macho tu, ikatuuzia paketi za unga wa bakteria na kusema blowa haitoshi tuongeze nyingine. Unga tukamwaga, hamna kitu.

Huyu fundi tulielekezwa na msimamizi wa jengo la jirani. Kafika hajauza chochote, katumbukiza mita ya oksijeni kwenye tenki la hewa, ikasoma juu kidogo ya 2 mg kwa lita, akasema blowa yenu nzima msinunue. Halafu akachota lita 1 kwenye mtungi mwembamba wenye mistari ya vipimo, akauweka kivulini. Dakika 30 tope lote limekaa chini, kahawia iliyokolea, juu maji meupe kabisa, maana yake bakteria waliomo kwenye tope, wanaokula uchafu, wako vizuri tu. Nikajua ndo basi, kumbe bado anausubiri, yakapita kama masaa mawili tope lile lile likaanza kupanda lenyewe na vipovu, vile vile kama kwenye tenki! Akatueleza oksijeni ikiisha bakteria wanahamia kwenye naitreti, chumvi iliyomo kwenye maji hayo yenye oksijeni ndani yake, wanatoa gesi ya naitrojeni, na ndo inayonyanyua tope. Kwa hiyo tope letu lilikuwa linalala mno tenki la mwisho badala ya kurudishwa kwenye hewa. Kufungua pampu ya kurudishia, imesongwa na waipsi za watoto, zimejisokota kama kamba ya katani.

Akazitoa, akaita gari likanyonya tope lililozidi, na siku chache mbele maji yakatoka safi. Jumla tumelipa kidogo kuliko bei ya ile blowa, na nimefurahi sana jamani, hii kero ilitutesa.

Nyota moja nimeibania kwa sababu akiwa saiti simu hapokei, na ripoti ya maandishi mpaka umbembeleze, wakati wakaguzi wa mazingira wakija ndo kitu tunachotakiwa kuonyesha.