Kozi za kuandaa wakuu wa shule: lipia mazoezi, cheti kitakuja chenyewe

Kozi za mtandaoni za kuwaandaa makamu na walimu wa taaluma kuomba ukuu wa shule ya umma hufanana sana kwa nje: video, maswali ya kuchagua jibu, cheti. Video ndizo dhaifu. Nadharia za uongozi hurudiwa moduli baada ya moduli, na aliyewahi kugawa vipindi hata kwa mwaka mmoja atazisikiliza akipiga miayo. Ziruke.

Thamani iko kwenye mazoezi. Kozi nzuri hukukalisha na ratiba: mikondo 18, kila mmoja vipindi 40 kwa wiki, jumla 720. Mwalimu akibeba vipindi 24, wanahitajika walimu 30. Unao 28, kwa hiyo vipindi 48 havina mwenyewe. Wengi hujibu haraka: kila mwalimu aongezewe viwili. Hesabu inakubali, masomo yanakataa. Kama waliopungua ni wa hisabati, vipindi vya ziada vya mwalimu wa historia havizibi pengo hilo.

Zoezi la matokeo nalo ni kipimo kizuri cha kozi. Ufaulu umepanda kutoka asilimia 60 hadi 72. Lakini watahiniwa walikuwa 100, sasa ni 75. Waliofaulu wameshuka kutoka 60 hadi 54. Anayejisifia asilimia hiyo mbele ya jopo la usaili ajiandae kuulizwa wale 25 wamekwenda wapi.

Moduli ya jalada la ushahidi, yaani mkusanyo wa nyaraka zinazoonyesha kazi uliyofanya, ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa sababu kozi nyingi huruhusu lijazwe vyeti vya semina. Cheti kinathibitisha ulikaa ukumbini, basi. Weka fomu ya uangalizi wa somo, ushauri uliompa mwalimu, na uangalizi wa pili baada ya wiki 6 unaoonyesha kilichobadilika. Futa majina kwanza: jalada linalomtaja mwalimu aliyekosolewa linaonyesha kwamba siri za watumishi hazikai kwako.

Usaili wa majaribio una maana tu ukirekodiwa na kuendeshwa na mtu aliyewahi kukaa kwenye jopo. Kosa atakalolikamata mapema ni “tulifanya, tukaamua”. Heshima kwa wenzako ni jambo jema, ila msaili anatafuta uamuzi uliokuwa wako, sababu yake na kilichotokea. Dakika 3 zinatosha kwa jibu hilo.

Kabla ya kulipa, mwulize mwajiri kwa maandishi kama cheti hicho kinahesabiwa katika kupandishwa cheo. Usitosheke na neno la muuzaji. Halafu uliza nani anasahihisha kazi: mtu au programu? Omba pia kuona zoezi la bajeti. Likiwa ni kujumlisha mapato na matumizi tu, halijagusa ugumu wenyewe, yaani fedha zilizotengwa kwa vitabu wakati paa linavuja, na nani ana mamlaka ya kuidhinisha zihamishwe kwenda kifungu kingine.