Uzoefu wangu: kupanga barua pepe kwa alama za SpamAssassin

Kwa miaka kadhaa niliiachia seva iamue kwa neno moja tu kama ujumbe ni taka au si taka, mpaka mkataba niliousubiri wiki nzima ulipokutwa kwenye folda ya taka. Aliyeutuma alikuwa amebadilisha anwani, mada ameiandika yote kwa herufi kubwa, na ndani hamkuwa na maandishi, bali picha tupu za kurasa zilizopigwa skani. Nilipofungua chanzo cha ujumbe ule niliona alama uliyopewa na SpamAssassin, programu ya kutambua barua taka kwenye seva, ni 5.4, ilhali barua za ulaghai zilizokuwa jirani yake katika folda hiyohiyo zilikuwa na 18, 23 na zaidi. Zote zilikuwa zimepewa hukumu moja.

SpamAssassin huupitisha ujumbe katika mamia ya kanuni, kila kanuni ikiongeza au kupunguza alama kidogo, kisha hujumlisha. Jumla ikifika 5.0, ambacho ndicho kiwango chake cha awali, ujumbe huhesabiwa kuwa taka. Jambo ambalo wengi wetu hatulitazami ni kwamba hesabu hiyo huachwa ndani ya kichwa cha ujumbe, yaani mistari ya taarifa inayotangulia barua na ambayo kwa kawaida haionyeshwi. Mstari wa X-Spam-Status hubeba jumla kamili pamoja na majina ya kanuni zilizonasa, na mstari wa X-Spam-Level hubeba vinyota, kimoja kwa kila alama nzima, kwa hiyo mkataba wangu wa 5.4 ulikuwa na vinyota vitano.

Mwanzoni nilijaribu kuichuja namba yenyewe, nikapoteza siku mbili bure. Vichujio vya programu ninayosomea barua hulinganisha herufi, havijui kuhesabu, hivyo ukiviagiza vitafute "5" vitakuletea 15 na hata 0.5. Vinyota ndivyo vilivyonitatulia tatizo hilo, kwa sababu kutafuta vinyota vitano vinavyofuatana ni sawa na kusema "alama 5 au zaidi". Hata hivyo, ujumbe wenye vinyota kumi una vitano ndani yake, kwa hiyo kichujio cha kumi lazima kitangulie, tena kiagizwe kusimamisha vichujio vinavyofuata. Nilipovipanga kinyume, kila kitu kiliishia mahali pamoja kama zamani.

Sasa ujumbe wenye vinyota kumi na kuendelea huenda moja kwa moja kwenye folda ya Taka, ambayo siifungui kabisa, na wenye vitano hadi tisa huenda kwenye folda niliyoiita Mashaka. Ule wenye vitatu au vinne hubaki kwenye kikasha, ila hupakwa rangi ya chungwa ili nisibofye kiungo chochote kwa haraka. Ilinibidi pia kuiomba seva iache kuhamisha ujumbe yenyewe, la sivyo vichujio vyangu visingepata cha kupanga.

Folda ya Mashaka ndiyo iliyonifanya niupende mpangilio huu. Kichujio cha SpamAssassin kina sehemu ya kujifunza, ile ya Bayes, inayokadiria uwezekano wa barua kuwa taka kwa kutazama maneno yake, na ambayo haianzi kutoa alama mpaka isomeshwe barua 200 za taka na 200 halali. Katika mpangilio wake wa awali, kikiachwa kijifunze chenyewe, huchukua kama taka ujumbe uliofika alama 12 na kuendelea, na kama halali ule ulio chini ya 0.1. Barua za katikati, ambazo ndizo hasa zinazokitatiza, hakizichukui kuwa mafunzo mpaka mtu akifundishe. Kwa hiyo kila jioni huipitia Mashaka kwa dakika chache, nazigawa barua zake katika mafungu mawili, kisha nayapeleka yote kwenye sa-learn, amri ya kuifundisha SpamAssassin. Ni kazi ndogo, lakini nasisitiza umuhimu wa kufundisha pande zote mbili, kwa kuwa anayefundisha taka peke yake hukinyima kichujio mfano wa barua njema.

Jihadharini na ujumbe mkubwa. Kwenye seva inayotumia spamc, programu ndogo inayoipelekea SpamAssassin ujumbe wa kukagua, ujumbe unaozidi kilobaiti 500 haukaguliwi isipokuwa kiwango hicho kibadilishwe, hivyo hufika bila kinyota hata kimoja na kuonekana kama mwema. Nimeuwekea kichujio cha pekee kinachotafuta barua zisizo na mstari wa X-Spam-Status, nazo hupakwa rangi ya kijivu. Juzi mkataba mwingine kutoka kwa mtu yuleyule uliingia kwenye kikasha ukiwa na alama 2.1, na mada yake bado ilikuwa yote kwa herufi kubwa.