Miezi kumi na minne na kalamu ya nibu Kisumu: kilichonisumbua ni wino

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza. Kalamu yenyewe ni Pilot Metropolitan, nyeusi, na nibu yake, yaani ile ncha ya chuma inayoandika, ni ya F, nyembamba. Niliipata kwa shilingi 3,900 pamoja na gharama ya kuitoa Nairobi kwa basi. Mume wangu alipoiona risiti aliuliza kama inaandika yenyewe nikiwa nimelala. Kwa pesa hizo ningenunua bairo za kutosha ukoo mzima, na sina ubishi naye. Ila nimeitumia mwaka mmoja na miezi miwili, karibu kila siku, na leo nina la kusema.

Kazi yangu ni kushika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kibuye. Mabati, misumari, saruji. Leja bado ni ya mkono kwa sababu mwenye duka hataki kusikia habari za kompyuta. Juu ya hiyo, mimi ndimi katibu wa chama chetu cha akina mama, kwa hiyo kumbukumbu za mikutano zote ni zangu. Ukijumlisha, naandika kurasa sita au saba kwa siku, na bairo ilikuwa imeanza kuniumiza kiganja, pale chini ya kidole gumba. Wino wa bairo ni mzito, una mafuta, usipokandamiza kile kijigololi cha nchani hakizunguki vizuri. Kalamu ya nibu haitaki nguvu. Wino wake ni maji yenye rangi, unateremka wenyewe kupitia ufa mwembamba uliopasuliwa katikati ya nibu, na ukigusa karatasi tu umetoka. Wiki ya kwanza nilikuwa nabonyeza kwa mazoea kama mtu anayechimba mtaro. Kufikia wiki ya tatu mkono ulikuwa umenyamaza.

Kuhusu kalamu yenyewe sina maneno mengi. Mwili wake ni wa shaba ya manjano iliyopakwa rangi, ndiyo maana ina uzito fulani mkononi. Kifuniko ni cha kuchomoa, hakizungushwi, na kwa mtu wa dukani hilo ni jambo kubwa: mteja anataja misumari, wewe umeshafungua na kuandika. Nibu ni ya chuma cha pua. Ukiinunua uliza kama ni ile ya soko la Marekani au ya Ulaya, ambayo huandikwa MR. Ya Ulaya inakubali katriji fupi za kawaida, vile vijichupa vya plastiki vyenye wino tayari, zinazoingia kwenye kalamu nyingi. Ya kwangu ni ya upande wa pili, inataka katriji za Pilot peke yake. Mimi katriji sinunui tena. Niliagiza CON-40, kile kimrija cha kuzungusha kinachovuta wino moja kwa moja kutoka kwenye chupa, kwa sababu napenda kuona wino uliobaki. Kinabeba kama mililita 0.4, basi mimi hujaza kila baada ya siku mbili au tatu.

Kabla ya kununua jua hili pia: nibu za Wajapani ni nyembamba kuliko za Wazungu, hata herufi ikiwa ile ile. F ya Pilot inakaribia EF, yaani nyembamba zaidi, ya Kijerumani. Mwalimu mmoja jirani yangu ana Lamy Safari, kalamu ya Kijerumani, nzuri sana, ya manjano, aliniachia siku mbili nijaribu. Aliandika nayo barua ya posa ya mdogo wake na kila mtu akasifia mwandiko. Lakini mistari ya leja yangu ni ya kubanana, na kwa unene ule nambari zangu 8 zilifunga macho. Kwa barua, naam. Kwa leja, nibu nyembamba.

Sasa wino, ambako nililipa karo.

Hii Pilot si kalamu yangu ya kwanza ya nibu. Nilianza na moja ya bei ya chini niliyonunua mtandaoni kwa shilingi mia nne na kitu, haina hata jina la kukumbuka. Katriji iliyokuja nayo ilipoisha, nikaingia duka moja la vifaa vya ofisini hapa mjini kuulizia wino. Kijana akanitolea kichupa cha wino wa mhuri. Nikamwambia huu ni wa kulowanisha pedi ya mhuri. Akanijibu, "Mama, wino ni wino." Na mimi, mtu mzima, nikakubali! Wino wa mhuri umetengenezwa usikauke upesi, ni mzito, unateleza. Ulipoingia kwenye ule ulimi mweusi wa plastiki ulio chini ya nibu, wenye vijifereji vyembamba kama mishipa, haukutoka tena. Nililoweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo siku nne. Maji yalitoka ya zambarau siku zote nne. Kalamu ikaenda kwa watoto kuwa ya kuchezea. Usitie wino wa mhuri, usitie wa printa, usitie ule mweusi wa kuchorea mabango. Tafuta chupa iliyoandikwa kwamba ni ya kalamu za nibu.

Pilot ilipofika nilikuwa nimejifunza, nikanunua Parker Quink ya buluu. Jina hilo limekuwepo tangu 1931, na ni wino mpole, hausumbui kalamu, unaoshwa kwa maji matupu. Hapo penye kuoshwa kwa maji ndipo nilipopaswa kusimama nifikiri. Boksi linasema wazi kabisa kwamba huo wa buluu unafutika kwa maji. Nilisoma, nikaona ni habari njema kwa blauzi zangu.

Mkutano wa chama ulikuwa kwa mwenzetu huko Nyalenda. Mvua ya jioni ya Kisumu mnaijua, haipigi hodi. Tulitoka mbio tukiwa na sufuria, viti na kile kitabu, na kitabu nilikuwa nimejifunika nacho kichwani. Nyumbani nilipokifungua, kurasa tatu zilikuwa rangi ya buluu ya kupendeza, laini, bila neno hata moja. Michango ya miezi miwili. Nani amelipa, nani ana faini ya kuchelewa, nani amekopa elfu tano. Mkutano uliofuata mweka hazina alikiinua mbele ya wote akasema, "Katibu, haya ni maandishi au ni ziwa?" Tukakaa hadi saa moja usiku tukijenga upya hesabu kwa kumbukumbu na jumbe za M-Pesa, na nawahakikishia kuna watu wawili ambao hadi leo wanaamini madeni yao yalisombwa na maji siku ile.

Baada ya hapo ndipo nilipohamia Pelikan 4001 ya buluu-nyeusi, na kwa kazi yangu sioni cha kunitoa hapo. Ni wino wa jadi ya chuma. Wino wa namna hii hutokana na asidi ya tanini, ambayo zamani ilitolewa kwenye vinundu vya mti wa mwaloni, ikichanganywa na chumvi ya chuma. Ukiandika unaona buluu, halafu hewa inafanya kazi yake na mstari unazidi kuwa mweusi, siku ya kwanza, siku ya pili. Rangi ya buluu inaweza kuoshwa, lakini ile nyeusi imeshashika nyuzi za karatasi. Ulaya waliandikia wino wa jamii hii kwa karne nyingi, na Uingereza rejista za ndoa zilikuwa zikiandikwa kwa wino wa namna hiyo kwa sababu haufutiki kirahisi. Nilifanya jaribio langu kabla ya kuuamini: niliandika mstari, nikauacha usiku kucha, asubuhi nikaushika chini ya bomba hadi karatasi ikaanza kulegea. Ulipauka, ukawa kijivu, lakini ulisomeka. Mweka hazina akatia sahihi kwenye jaribio hilo. Sitanii, karatasi ipo ndani ya kitabu.

Una gharama yake. Wino huu una asidi, ukiachwa ukaukie ndani unaweza kula chuma na kuziba vijifereji. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi, baada ya kufunga hesabu, natoa wino wote, navuta maji safi na kuyasukuma nje hadi yatoke meupe, kisha naiacha kalamu ikauke juu ya kitambaa. Dakika kumi. Kwa joto letu hili usithubutu kuusahau wino wowote ndani ya kalamu wiki tatu ukiwa umesafiri, maji yanapungua na unachokuta ni uji. Hata kuiacha bila kifuniko ukiwa unabishana na mteja, nibu inakauka na herufi ya kwanza inagoma. Chupa yangu ni ya mililita 62.5, ina miezi kumi, na imebaki kama theluthi.

Karatasi nayo. Daftari za kawaida za shule zina karatasi nyepesi inayonyonya, wino unatambaa pembeni kama miguu ya buibui na upande wa pili unakuwa hauna kazi. Msilaumu kalamu kabla hamjabadilisha daftari. Mimi huingia dukani na kalamu mkononi, naomba kuandika neno moja kwenye ukurasa wa mwisho. Wengine wananitazama kama mwizi. Nimegundua kwamba vile vitabu vikubwa vya kaunta vyenye jalada gumu huwa vinastahimili zaidi, ila si vyote, hata vya kampuni moja hubadilika toleo kwa toleo. Hapa tena nibu nyembamba inakuokoa, kwa sababu inamwaga wino kidogo.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni mlima. Nilikuwa naenda Nakuru kwa dada yangu, kalamu iko kwenye mkoba, imelala, na wino umebaki robo. Ahero, Awasi, Kericho, tukapanda hadi Mau Summit, baridi ikaanza kuuma magoti. Karibu na Molo nikaifungua niandike namba ya simu ya abiria mwenzangu. Vidole vyote vitatu vikawa vyeusi, na tone moja likatua kwenye sketi ya yule mama wa watu. Nikadhani imepasuka. Haikuwa na hitilafu yoyote. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kule juu barabara inapita zaidi ya mita 2,300. Ukipanda, hewa ya nje inapungua msukumo, ile iliyofungwa ndani ya kimrija inatanuka, na ikitanuka inasukuma wino nje kupitia mlango pekee uliopo, yaani nibu. Kadiri wino ulivyo mchache ndivyo hewa ilivyo nyingi, na ndivyo inavyomwaga. Ndiyo maana safari za kupanda huko sasa naijaza hadi pomoni au naimaliza kabisa, na nibu inatazama juu njia nzima. Kurudi Kisumu napo ni vile vile, kwa sababu kutoka Nakuru mnapanda kwanza hadi Mau Summit; shida inaisha mkianza kuteremka, hewa inajikunja. Yule mama nilimlipia chai Nakuru, na sketi ilikuwa nyeusi, Mungu ni mwema.

Mnaouliza kama kuna ya bei nafuu zaidi: Platinum Preppy, ya plastiki, ile inayoonyesha wino ndani. Binti wa dada yangu anayo ya 03, yaani ya nibu nyembamba. Kifuniko chake kina kifuniko kingine kidogo ndani, chenye springi, kinachobana nibu isikauke, na kwa miji ya joto kama huu wetu hilo ni wazo la watu wenye akili. Inaandika vizuri kupita bei yake. Kama huna hakika utaipenda kalamu ya nibu, anza hapo.

Mahali nilipokwama kabisa ni kwenye kitabu cha risiti. Risiti zetu zina karatasi ya kaboni katikati, na kaboni inataka kukandamizwa. Nibu ukiikandamiza meno yake yanatanuka na hayarudi. Nakala ya pili inatoka tupu, na mwenye duka hali tupu. Halafu kuna lile jambo letu la "nisaidie kalamu." Fundi anataka kuandika vipimo vya mabati kwenye kipande cha katoni, ananyoosha mkono, na Wakenya hatujui kumnyima mtu kalamu. Mmoja aliwahi kuifikia kabla sijasema kitu, akaigeuza nibu kichwa chini, akasugua mara mbili akasema imeisha wino. Ilipona. Mimi ndiye niliyekaa chini kidogo.

Kwa hiyo kaunta ina bairo yake ya shilingi kumi na tano, imefungwa kwa uzi kwenye msumari. Mtu akiomba kalamu, namwonyesha uzi.